Jinsi ya kusoma fasihi ya mwanzo ya Marekani pamoja na historia yake

Fasihi ya mwanzo ya Marekani, kwa jinsi vyuo vinavyoigawa, huanzia masimulizi ya mataifa ya wenyeji kabla Wazungu hawajafika na kuishia kama mwaka 1800. Wengine huisogeza hadi 1820. Anayeingia humo akitafuta riwaya atatoka mikono mitupu, kwa sababu riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza kutungwa na Mmarekani na kuchapishwa nchini humo, The Power of Sympathy ya William Hill Brown, ilitoka Boston mwaka 1789 tu. Kabla ya hapo utakutana na mahubiri, shajara, historia za makoloni, barua, mashairi ya ibada, simulizi za waliotekwa, vijitabu vya siasa, hata mahubiri yaliyotolewa mbele ya mtu anayekwenda kunyongwa.

Maandishi ya aina hiyo yalikuwa na kazi ya kufanya siku yalipotoka. Mchungaji Jonathan Edwards alipohubiri Enfield tarehe 8 Julai 1741 juu ya wenye dhambi walio mikononi mwa Mungu mwenye hasira, wasikilizaji walipiga mayowe hadi akashindwa kuendelea. Ukiyasoma mahubiri yale kama insha ya kawaida utaona ukali tu, hutaona kwa nini watu walilia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza andiko linamaanisha nini, lijue kwa tarehe zake tatu: lini jambo lilitokea, lini liliandikwa, lini lilichapishwa. Makosa mengi tunayoyaona kwenye insha za wanafunzi yanaanzia hapo.

Hatua ya 1: Chagua andiko moja, kisha litafutie mwenzake

Usianze na mkusanyo mnene wa kurasa elfu moja ukitaka kuumaliza. Utakumbuka majina, hutakumbuka maandishi. Chagua andiko fupi unaloweza kulisoma mara tatu, kisha tafuta jingine lililotoka mahali hapohapo kwa mtu wa hali tofauti.

Hapa tutatumia mawili ya Massachusetts yaliyopishana miaka 91: simulizi ya Mary Rowlandson ya kutekwa kwake vitani, iliyochapishwa 1682, na mashairi ya Phillis Wheatley, yaliyochapishwa 1773. Wote ni wanawake, wote waliondolewa makwao kwa nguvu, wote wanaandika kwa lugha ya Biblia. Rowlandson alirudi kwa watu wake baada ya wiki 11 na siku 5. Wheatley, aliyeletwa Boston kutoka Afrika Magharibi mwaka 1761 akiwa na miaka saba au nane na kupewa jina la meli iliyomleta, hakurudi.

Kwa anayependa tawasifu, Benjamin Franklin na Olaudah Equiano ni jozi nzuri kuliko zote. Kila mmoja anaeleza mtu aliyejiinua kwa kusoma, kuhesabu na kufanya biashara, ila Equiano, aliyekuwa mtumwa, alilazimika kwanza kujinunua, mwaka 1766, kwa pauni 40.

Hatua ya 2: Pata toleo linaloaminika

Maandishi haya hayana tena hakimiliki, kwa hiyo yamejaa mtandaoni bila malipo. Shida ni kwamba nakala nyingi zimesahihishwa tahajia, zimepunguzwa, au zimeondolewa dibaji. Tafuta vitu viwili: maandishi safi yaliyochapwa upya kwa ajili ya kusoma, na picha za kurasa za toleo la kwanza au la karibu nalo kwa ajili ya kuhakiki. Project Gutenberg inatosha kwa kusoma. Kwa kuhakiki, tumia Internet Archive, mkusanyo wa Evans-TCP wenye maandishi ya mamia ya waandishi yaliyonakiliwa kutoka chapa za kale, na Documenting the American South ya Chuo Kikuu cha North Carolina, ambayo ni nzuri sana kwa maandishi ya Waafrika waliokuwa watumwa. Barua za Franklin, Washington, Jefferson na wenzao ziko Founders Online, zikiwa na maelezo ya wahariri. Zote ni bure.

Ukifungua picha za kurasa utakutana na herufi s ndefu, ambayo karibu inafanana na f. Wachapaji waliitumia mwanzoni na katikati ya neno. Kompyuta inayosoma picha hukosea, kiasi kwamba neno sin, dhambi, linahifadhiwa kama fin. Ukitafuta neno kwenye picha hizo na lisipatikane, rudia utafutaji ukiweka f mahali pa s kabla hujaandika kwamba mwandishi hakulitumia.

Usiruke kurasa za mbele. Simulizi ya Rowlandson ilitoka na dibaji ya mtu aliyejificha nyuma ya maneno ya Kilatini, ambaye wataalamu wengi wanaamini ni mchungaji Increase Mather. Mwishoni pameunganishwa hubiri la mwisho la mumewe. Maana yake sauti ya mwanamke huyu ilipelekwa kwa wasomaji ikiwa imebanwa na wanaume wawili wa madhabahuni, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nakala ya mtandaoni inayoanza moja kwa moja na shambulio imekuondolea ushahidi huo.

Kitabu cha Wheatley kimebeba zaidi. Kuna picha yake akiwa ameshika kalamu, kuna maelezo mafupi ya bwana aliyemmiliki, kuna kuwekwa wakfu kwa Countess wa Huntingdon, na kuna cheti chenye sahihi za wanaume 18 wa Boston, akiwamo gavana Thomas Hutchinson na mfanyabiashara John Hancock, wakithibitisha kwamba mashairi ni yake. Angalia hapa: vitabu na tovuti nyingi zinasimulia kwamba wanaume hao walikaa ukumbini wakamhoji msichana huyo kama mtahiniwa. Tulicho nacho ni cheti na sahihi. Kikao chenyewe hakina kumbukumbu. Andika kuhusu cheti.

Hatua ya 3: Ziandike tarehe tatu

Chukua karatasi, chora safu tatu: tukio, kuandikwa, kuchapishwa. Jaza kwa kila andiko unalosoma. Utashangaa jinsi safu zinavyoachana.

William Bradford aliandika historia ya koloni la Plymouth kuanzia 1630 hadi karibu 1650. Hati yake ilitoweka Boston wakati wa vita vya uhuru, ikaja kuonekana miaka ya 1850 kwenye maktaba ya askofu wa London huko Fulham, na ikachapishwa nzima mwaka 1856. Hotuba ya John Winthrop, gavana wa Massachusetts, yenye mji ulio juu ya mlima hupewa mwaka 1630, lakini ilichapishwa 1838. Mashairi ya ibada ya Edward Taylor, mchungaji aliyefariki 1729, yalitambuliwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1937. Lucy Terry, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa Deerfield, alitunga shairi kuhusu shambulio la 1746, likakaa vinywani mwa watu zaidi ya miaka mia kabla ya kufika kwenye karatasi ya mpiga chapa. Franklin alianza tawasifu yake 1771, akafa 1790, na sehemu yake ya kwanza ilitoka Paris mwaka 1791, tena kwa Kifaransa.

Andiko lililolala sandukuni halikumshawishi mtu. Ukiandika kwamba hotuba ya Winthrop ilijenga fikra za Wamarekani tangu 1630, umedai jambo ambalo safu ya tatu inalikataa. Unaweza kusema inaonyesha fikra za waliohama pamoja naye. Unaweza pia kuuliza kwa nini marais wa karne ya 20 waliipenda sana. Hayo ni maswali mawili tofauti, na kila moja linahitaji ushahidi wake.

Masimulizi ya wenyeji yanadai uangalifu zaidi. Hadithi ya Haudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji, ya mwanamke aliyeanguka kutoka mbinguni na kushushwa juu ya mgongo wa kobe ni ya kale, lakini maandishi tuliyo nayo ni ya baadaye. David Cusick, mtu wa taifa la Tuscarora katika muungano huo, aliichapisha kwa Kiingereza miaka ya 1820. Aliyesoma fasihi simulizi atajua la kufanya: muulize fanani ni nani, hadhira ni ipi, nani ameandika na kwa lugha gani. Kuiweka hadithi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa insha kwa kuwa ni ya zamani kuliko zote, bila kutaja mwaka wa kuandikwa, ni kosa ambalo hata mikusanyo mikubwa imelifanya.

Hatua ya 4: Rekebisha kalenda

Hili ni dogo, lakini limeharibu insha nyingi nzuri. Makoloni ya Waingereza yalitumia kalenda ya Julian hadi 1752, na mwaka mpya kisheria ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Januari, Februari na sehemu kubwa ya Machi zilihesabiwa kuwa za mwaka uliotangulia.

Rowlandson anasema mji wake wa Lancaster ulishambuliwa tarehe 10 Februari 1675. Vita yenyewe, vita vya Metacom, kiongozi wa Wampanoag ambaye Waingereza walimwita King Philip, ilianza Juni 1675. Msomaji asiyejua kalenda anapata mji uliochomwa miezi minne kabla ya vita kuanza, na tumesoma insha iliyojenga hoja nzima juu ya shambulio lililowasha vita. Kwa hesabu yetu ni Februari 1676, vita ikiwa imeshapamba moto kwa miezi minane.

Kanuni ni hii. Tarehe ikiwa kati ya 1 Januari na 24 Machi, kabla ya 1752, andika miaka yote miwili: 10 Februari 1675/76. Siku usiziguse, isipokuwa unalinganisha na chanzo cha Kifaransa au Kihispania. Hapo ongeza siku 10 kwa karne ya 17, na siku 11 kuanzia Machi 1700. Franklin alizaliwa 6 Januari 1705 kwa kalenda ya zamani, ambayo ni 17 Januari 1706 kwa mpya. Ukikuta vitabu viwili vinapingana kuhusu siku yake ya kuzaliwa, yawezekana vyote viko sahihi. Kumbuka pia kwamba Wapuritani, Waprotestanti waliotaka kulitakasa Kanisa la Uingereza, wengi wao walikwepa majina ya miezi kwa sababu yana asili ya kipagani, wakaandika mwezi wa kwanza, mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza wao ni Machi.

Hatua ya 5: Weka Biblia mezani

Bila Biblia hutafika mbali, uwe muumini au la. Wapuritani waliona safari yao kama marudio ya safari ya Waisraeli: bahari waliyovuka ni ile ya kitabu cha Kutoka, pori ni jangwa, ardhi ya watu wengine ni Kanaani. Mtu katika Agano la Kale alikuwa mfano wa jambo litakalotimia baadaye, na matukio ya kila siku, kuanzia ng'ombe kufa hadi nyumba kuungua, yalisomwa kama ujumbe wa Mungu.

Fanya hivi. Kila mwandishi anapotaja sura au anapoonekana kunukuu, fungua sura nzima, si mstari mmoja. Bradford na Wapilgrimu wake, waanzilishi wa Plymouth, walisoma zaidi Biblia ya Geneva, yenye maelezo pembeni mwa kurasa. Kizazi cha Rowlandson kilikuwa kinaelekea kwenye King James. Biblia ya Kiswahili ya Union Version itakusaidia kupata mahali haraka, lakini hoja ikitegemea neno fulani, rudi kwenye Kiingereza cha wakati ule.

Mfano mmoja wa karibu. Mpiganaji mmoja aliyerudi kutoka shambulio la Medfield anampa Rowlandson Biblia iliyotoka kwenye nyara. Anaifungua Kumbukumbu la Torati 28, sura ya laana, anakata tamaa. Anaendelea hadi sura ya 30, ambako Mungu anaahidi kuwakusanya watu wake waliotawanywa na kuzigeuza laana ziwaangukie adui zao. Msomaji anayepita haraka anaona faraja tu. Aliyefungua aya saba za kwanza za sura ya 30 anaona pia kisasi, na anaelewa kwa nini simulizi ya mjane wa mchungaji iliwafaa viongozi wa koloni miaka sita baada ya vita, walipohitaji kueleza kwa nini Mungu aliruhusu miji yao ichomwe.

Hatua ya 6: Andaa ukurasa mmoja wa muktadha

Ukurasa mmoja. Ukizidi hapo umeanza kuandika kitabu cha historia, na andiko lenyewe litasahaulika. Jibu maswali haya: nani ana mamlaka mahali hapo, nani anamiliki ardhi na nani anaidai, watu wanakula na kulipana nini, nani anajua kusoma, mtambo wa kuchapia uko wapi na wa nani.

Swali la malipo hudharauliwa, nalo ndilo linalofungua milango. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, shilingi moja peni 12. Akiwa mateka, Rowlandson aliombwa na Metacom amshonee mtoto wake shati, akalipwa shilingi moja. Alitaka kumpa bwana wake, akaambiwa abaki nayo, akanunua kipande cha nyama ya farasi. Kisha akashona kofia na malipo yake yakawa kualikwa chakula: mkate mdogo wa ngano iliyokaangwa na kupondwa, kama upana wa vidole viwili, uliopikwa kwa mafuta ya dubu. Anakiri hajawahi kula kitu kitamu zaidi. Fidia aliyokombolewa nayo ilikuwa pauni 20, yaani bei ya mashati 400 kwa hesabu ya Metacom. Ndani ya ukurasa mmoja una adui anayelipa ujira, mateka anayefanya biashara, na watu wenye njaa pande zote. Dibaji ya mchungaji haina nafasi ya mambo hayo, ndiyo maana yanafaa kuandikiwa insha.

Swali la mtambo nalo lina lake. Uchapaji ulianza Cambridge, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1630, na zaburi za 1640 ni kitabu cha kwanza kuchapwa humo kilichobaki. Mwaka 1663 mtambo huo ulitoa Biblia nzima kwa lugha ya wenyeji, kazi ya mmisionari John Eliot na wasaidizi wa kienyeji ambao majina yao hayakuwekwa mbele. Mmoja wa waliopanga herufi ni kijana wa taifa la Nipmuc aliyeitwa James Printer. Vita ilipokuja alikwenda upande wa watu wake, akarudi kwa msamaha mwaka 1676, na anaaminika kuwa ndiye aliyepanga herufi za simulizi ya Rowlandson ilipochapwa Cambridge. Maneno makali dhidi ya wenyeji yalipita vidoleni mwa mwenyeji. Jambo hilo halimo kwenye maneno ya kitabu, limo kwenye historia ya kuchapwa kwake.

Kwa Wheatley, uliza kwa nini London. Tangazo la kutafuta wanunuzi wa kitabu chake lilitolewa Boston mwaka 1772, halikufanikiwa. Mwaka huohuo mahakama ya London, katika kesi ya James Somerset, ilizuia mtumwa kusafirishwa kwa nguvu kutoka Uingereza. Mwaka 1773 Wheatley akaenda London na mtoto wa bwana wake, na baada ya kurudi Boston akapewa uhuru mwaka huohuo. Usidai kwamba kesi ndiyo iliyomkomboa, lakini usiiache nje ya ukurasa wako.

Hatua ya 7: Soma umbo

Hapa msomaji aliyelelewa na ushairi wa Kiswahili ana mtaji, kwani mizani na vina si vitu vigeni kwake. Shairi la Wheatley la kuletwa Marekani kutoka Afrika lina mishororo minane tu. Kila mshororo una mizani kumi, na vina vinakwenda wawiliwawili, kwa mtindo uliotawala Uingereza tangu siku za Alexander Pope. Tofauti na utenzi, Kiingereza hupima pia mkazo: silabi nyepesi kisha nzito, mara tano. Soma kwa sauti hadi usikie pigo hilo, ndipo utasikia mahali linapovunjwa.

Nusu ya kwanza inashukuru: rehema ndiyo iliyomtoa katika nchi ya kipagani, ikamjulisha Mungu na Mwokozi. Wasomaji wengi huishia hapo, wakamlaumu au wakamsamehe. Mshororo wa tano unageuka. Anataja wanaowatazama weusi kwa dharau, anaweka maneno yao kwenye alama za kunukuu, kisha anatoa amri: kumbukeni. Katika chapa ya 1773, mshororo wa saba una maneno yenye maana ya Wakristo, Weusi na Kaini, yote kwa herufi za mlalo, na mkato kati ya Wakristo na Weusi. Je, anawaambia Wakristo habari za Weusi, au anasema wote wawili, weusi kama Kaini kwa dhambi, wanaweza kusafishwa? Sarufi inakubali yote mawili. Toleo la kisasa linaloondoa herufi za mlalo au kuchezea mikato limekata shauri kwa niaba yako.

Neno la kusafishwa alilochagua ni lile lililotumika pia kwa sukari, na neno la rangi katika mshororo wa sita linakumbusha rangi za kutia nguo. Sukari na nili zilitoka kwenye mashamba ya watumwa. Baadhi ya wahakiki wanasikia hata muwa kwenye jina la Kaini, kwa kuwa kwa Kiingereza yanatamkwa sawa. Kwetu hoja ya sukari ni nzito kuliko hiyo ya muwa, lakini lisome mwenyewe kwa sauti.

Kisha litafutie ushahidi nje ya shairi. Barua yake kwa Samson Occom, mchungaji wa taifa la wenyeji la Mohegan, ya Februari 1774, ilichapishwa magazetini. Humo anasema wazi kwamba Mungu amepanda ndani ya kila binadamu upendo wa uhuru usiovumilia dhuluma. Alikuwa huru tayari alipoiandika. Shairi linakadiriwa kuandikwa 1768, akiwa bado mali ya mtu. Safu zako tatu zinafanya kazi tena.

Hatua ya 8: Mtafute aliyesemewa

Kila andiko la kikoloni lina watu wanaoonekana lakini hawasemi. Waorodheshe kwa majina ya mataifa yao, Wampanoag, Nipmuc, Narragansett, na kwa majina yao wenyewe yanapojulikana, kisha uliza kila mmoja anafanya nini kwa mikono yake, achilia mbali mwandishi anamwitaje.

Rowlandson anamchukia Weetamoo, mke mmojawapo wa bwana wake. Anamchora kama mwanamke mwenye majivuno anayetumia muda mwingi kila siku kujipamba kama mabibi wa kizungu, nywele, uso, mikufu. Halafu anaongeza, kama jambo la kupita tu, kwamba akimaliza kujipamba kazi yake ni kutengeneza mikanda ya wampum. Wampum ni shanga za magamba ya kombe za baharini, na mikanda yake ilibebwa katika mapatano, rambirambi na kuitana vitani. Vyanzo vingine vinatueleza kwamba Weetamoo alikuwa mtawala wa Pocasset kwa haki yake, na mjane wa Wamsutta, kaka yake Metacom. Kwa hiyo aliyekuwa anaonekana akishona urembo pengine alikuwa kazini, kazi ya dola. Rowlandson aliona vizuri, ila hakuelewa alichokiona, na macho yake yamehifadhi kitu ambacho hukumu yake imekikosa.

Kosa la upande wa pili lipo pia: kumgeuza Rowlandson kuwa shahidi mwongo kwa kila jambo. Binti yake wa miaka sita alipigwa risasi mikononi mwake akafa baada ya siku tisa. Msomaji asiyeweza kushika huzuni hiyo na kisa cha Weetamoo kwa wakati mmoja ataandika insha ya upande mmoja.

Hatua ya 9: Andika

Kwa insha ya maneno 2,500, historia isizidi maneno 500, na isikae yote mwanzoni. Insha inayoanza na kurasa mbili za Wapuritani walikuwa nani, kisha ikaingia kwenye andiko bila kurudi nyuma, imeandikwa kabla swali halijapatikana. Dawa ni kukata kila sentensi ya historia na kuihamishia pembeni mwa mshororo au aya inayoieleza. Isiyopata mahali pa kukaa, itupe.

Kagua takwimu kabla ya kuziamini. Utasoma kila mahali kwamba Common Sense, kijitabu cha Thomas Paine cha kutetea uhuru, kilichotoka Philadelphia Januari 1776, kiliuza nakala zaidi ya laki moja ndani ya miezi michache. Chanzo cha madai hayo ni Paine mwenyewe, na wanahistoria wa uchapaji wanatilia shaka kama mitambo ya wakati ule iliweza. Andika kwamba Paine alidai hivyo. Kisa cha Pocahontas, binti wa kiongozi wa wenyeji wa Virginia, kumwokoa mlowezi John Smith kipime vilevile: Smith alichapisha taarifa ya Virginia mwaka 1608 bila kukitaja, kikaja kujitokeza kwa ukamilifu katika historia yake ya 1624, Pocahontas akiwa ameshafariki.

Equiano naye ana mgogoro wake. Katika kitabu chake cha 1789 anasema alizaliwa nchi ya Waigbo. Rekodi ya ubatizo wake London, ya 1759, inasema Carolina, yaani Marekani. Usikate shauri kwa sentensi moja. Taja nyaraka zote mbili na ueleze hoja yako inasimama vipi kwa kila upande.

Ukinukuu ndani ya insha ya Kiswahili, weka tafsiri yako kwenye matini na Kiingereza cha asili kwenye tanbihi, kwa tahajia ya chapa uliyotumia, ukitaja mwaka wa chapa hiyo. Ushairi unukuliwe kwa mishororo yake, usiunyooshe kuwa nathari. Ukishaizoea jozi ya Rowlandson na Wheatley, nenda kwa Samson Occom: maelezo mafupi ya maisha yake aliyoyaandika 1768, yaliyokaa kwenye kumbukumbu za chuo bila kuchapishwa hadi 1982, na hubiri lake la 1772 kwenye kunyongwa kwa Moses Paul, lililochapishwa mwaka huohuo na kurudiwa mara nyingi. Mwandishi ni yuleyule, lakini alipokuwa akimwonya mwenyeji mwenzake kuhusu pombe wachapaji walimgombania, na alipokuwa akilalamikia mshahara wake mdogo karatasi zilikaa kimya miaka 214.